AFCON 1976 haikuwa na fainali: jinsi ya kuzisoma rekodi za Kombe la Mataifa ya Afrika

Swali: Nafundisha sekondari na ninaandaa chemsha bongo kuhusu historia ya AFCON, kwa kuwa 2027 mashindano yanakuja kwetu Afrika Mashariki. Kila ninapohakiki majibu nakuta yanapingana. Wapo wanaosema fainali ya 1976 ilikuwa Morocco na Guinea, wapo wanaosema haikuwapo. Uganda ya 1962 inaitwa ya nne Afrika, Tanzania ya 1980 inaitwa iliyoburuza mkia. Senegal ilibeba kombe 2021 au 2022? Na kombe lenyewe ni lile lile la 1957? Nitajuaje lipi niwape wanafunzi?

Jibu: Mwalimu, vyanzo vyako vingi vinasema kweli. Tatizo ni kwamba vinaweka kwenye jedwali moja mashindano ambayo hayakuchezwa kwa mpangilio mmoja. AFCON imewahi kuwa na timu 3, 4, 6, 8, 12, 16 na sasa 24. Bingwa amewahi kupatikana kwa fainali, kwa ligi ya timu tatu, kwa kundi la mwisho la timu nne, na mara moja kwa fainali iliyobidi irudiwe. Kwa hiyo kabla hujakubali jibu lolote linalotaja nafasi au idadi, uliza kwanza: mwaka ule zilicheza timu ngapi, na bingwa alipatikanaje? Ukishapata hayo mawili, ubishi mwingi unakwisha hapo hapo.

Tuanze na Khartoum, Februari 1957, mwezi ule ule Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipoundwa katika mji huo. Zilipangwa timu nne: Sudan, Misri, Ethiopia na Afrika Kusini. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi haikukubali kuleta timu iliyochanganya weusi na weupe, ikaondolewa. Ethiopia, iliyokuwa icheze nayo nusu fainali, ikajikuta fainali bila kugusa mpira. Misri iliifunga Sudan 2-1, kisha ikaifunga Ethiopia 4-0, mabao yote manne yakiwa ya Ad-Diba. Mashindano yote yalikuwa mechi mbili. Ukiuliza "Ethiopia ilishinda mechi ngapi kufika fainali ya 1957?", jibu ni sifuri, na si kosa la uchapaji.

Mwaka 1959 jijini Cairo zilikuwa timu tatu zile zile, kila moja ikicheza na mwenzake. Mechi ya mwisho, wenyeji 2-1 Sudan, ndiyo iliyoamua bingwa, na ndiyo maana vitabu vingine huiita fainali. Haikupangwa kama fainali. Ilitokea tu kwamba timu zote mbili zilikuwa zimeifunga Ethiopia, hivyo aliyeshinda siku ile alichukua kombe. Angalia pia jina la bingwa: wakati huo Misri ilikuwa imeungana na Syria na ilicheza kama Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. CAF inaihesabia Misri taji hilo, na ndivyo Misri inavyofikisha mataji yake saba: 1957, 1959, 1986, 1998, 2006, 2008 na 2010. Anayekuambia ni sita, mara nyingi ameliacha la 1959 kwa sababu ya jina.

Sasa Uganda ya 1962. Ni kweli ilishika nafasi ya nne, lakini Addis Ababa mwaka ule zilicheza timu nne tu. Uganda ilifungwa 2-1 na Misri kwenye nusu fainali, kisha 3-0 na Tunisia kuwania nafasi ya tatu. Kwa hiyo ilikuwa ya nne na ya mwisho kwa wakati mmoja. Hilo halipunguzi heshima yake, kwani kufika Addis Ababa kulikuwa jambo kubwa, na Waganda walicheza Januari wakati uhuru wao ulikuja Oktoba mwaka huo huo. Lakini usiiweke nafasi hiyo sambamba na ile ya 1978 nchini Ghana, ambayo ndiyo mafanikio makubwa zaidi ya Uganda. Kule ilizifunga Congo 3-1 na Morocco 3-0 kwenye kundi, ikapoteza 3-1 kwa Tunisia, ikaitoa Nigeria 2-1 nusu fainali, na kufungwa 2-0 na wenyeji kwenye fainali mjini Accra. Philip Omondi alifunga mabao matatu na kuwa miongoni mwa wafungaji bora. Baada ya hapo Cranes hawakuonekana tena AFCON hadi 2017, miaka 39 baadaye.

Tanzania ya 1980 inaonewa kwa kipimo hicho hicho, ila upande wa pili. Ni kweli ilikuwa ya mwisho katika Kundi A kule Nigeria: ilifungwa 3-1 na wenyeji, 2-1 na Misri, ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja. Lakini zilicheza timu nane tu, na mbili kati yake hazikupitia mchujo: mwenyeji Nigeria na bingwa mtetezi Ghana. Bara zima liligombea nafasi sita. Mchujo haukuwa wa makundi kama wa leo. Ulikuwa wa nyumbani na ugenini, ukitolewa mara moja safari imekwisha. Taifa Stars, nahodha wake akiwa Leodegar Tenga, iliitoa Zambia kwa kushinda 1-0 nyumbani na sare ya 1-1 Ndola, sare iliyoletwa na bao la Peter Tino ambalo wazee wa mpira wanalitaja hadi leo. Timu ile ilikuwa kati ya nane za mwisho Afrika. Mwaka 2019, Tanzania iliporudi AFCON baada ya miaka 39, nafasi zilikuwa 24. Swali la haki kwa wanafunzi si "Tanzania ilishika nafasi ya ngapi 1980?" bali "Tanzania ilifuzu 1980 kwa kuitoa nchi gani?"

Turudi 1976, kiini cha swali lako. Mashindano yalikuwa Ethiopia, timu nane, makundi mawili ya timu nne. Hadi hapo ni kawaida. Ila safari hiyo, badala ya nusu fainali, washindi wawili wa kila kundi waliingia kundi la mwisho: Morocco, Guinea, Nigeria na Misri. Ushindi ulikuwa pointi mbili, sare moja. Morocco ilizifunga Misri na Nigeria, kila moja 2-1, ikawa na pointi 4. Guinea ilitoka sare 1-1 na Nigeria na kuifunga Misri 4-2, ikawa na 3. Mechi ya mwisho ya ratiba ikawakutanisha wenyewe kwa wenyewe, Addis Ababa, tarehe 14 Machi. Guinea ilihitaji ushindi. Morocco ilitosheka na sare. Chérif Souleymane aliitanguliza Guinea kipindi cha kwanza, na kwa zaidi ya dakika hamsini kombe lilikuwa mikononi mwa Guinea. Dakika ya 86 Ahmed Makrouh, aliyejulikana kama Baba, akasawazisha. Ikaisha 1-1, Morocco pointi 5, Guinea 4.

Ingekuwa fainali, sare ile ingekwenda muda wa nyongeza. Haikwenda, kwa sababu ilikuwa mechi ya kundi. Hapo ndipo pa kumwonyesha mwanafunzi tofauti. Kwenye chemsha bongo andika "mechi iliyoamua ubingwa wa 1976" na hakuna atakayekubishia.

Miaka miwili kabla, Cairo 1974, ndipo ilipotokea fainali ya mara mbili. Zaire na Zambia walitoka 2-2 baada ya muda wa nyongeza, na badala ya kupigiana penalti mechi ikarudiwa siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza na mabao 9. Rekodi hiyo ya mashindano mamoja haijaguswa, hata sasa ambapo timu inayofika mwisho hucheza mechi saba. Na uwe macho na majina hapa: Congo-Kinshasa iliyobeba kombe 1968 na Zaire ya 1974 ni nchi moja, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Bingwa wa 1972 ni Congo nyingine, ile ya Brazzaville, iliyoifunga Mali 3-2. Wanaoijumlishia DRC mataji matatu ya AFCON wamelichukua la jirani. Na wanaosema manne wamechanganya na CHAN.

Hilo la CHAN linastahili neno, maana baada ya Agosti 2025 litawasumbua wanafunzi wako zaidi. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao tu. Yalianza 2009, na DRC imeyachukua mara mbili, 2009 na 2016. Yale yaliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2025, Morocco ikaifunga Madagascar 3-2 fainali ya Nairobi, ni CHAN, na jina lake rasmi ni CHAN 2024. Hayaingii kwenye hesabu ya AFCON kwa namna yoyote.

Jina lenye mwaka usio wake ndilo linalotupeleka kwa Senegal. Kuanzia 1968 AFCON ilichezwa kila mwaka wa namba shufwa hadi 2012. Kisha ikahamia witiri, 2013, ili isigongane na mwaka wa Kombe la Dunia; ndiyo maana kuna mashindano mawili ndani ya miezi kumi na miwili, Zambia bingwa 2012 na Nigeria bingwa 2013. Mwaka 2019 yakahamishwa kutoka Januari kwenda Juni na Julai. Baada ya hapo ratiba ikaanza kuyumba. Ya Cameroon yaliahirishwa kwa sababu ya korona, yakachezwa Januari 9 hadi Februari 6, 2022. Ya Ivory Coast yaliondolewa Juni 2023 kwa kuhofia mvua, yakachezwa Januari na Februari 2024. Morocco ikafungua AFCON 2025 Desemba 21, 2025 na fainali ikawa Januari 2026. Majina hayakubadilika. Senegal ni bingwa wa AFCON 2021 aliyekabidhiwa kombe mwaka 2022, baada ya kuishinda Misri kwa penalti 4-2. Weka vyote viwili kwenye swali: "AFCON 2021, iliyochezwa 2022". Vivyo hivyo kwa Salima Mukansanga wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya AFCON ya wanaume akiwa refa wa kati: ni AFCON 2021, tarehe ni Januari 18, 2022.

Kuhusu kombe: si lile lile. Yamekuwapo matatu. La kwanza lilipewa jina la Abdelaziz Abdallah Salem, Mmisri aliyekuwa rais wa kwanza wa CAF. Kanuni ilikuwa kwamba anayelitwaa mara tatu, hata kama si mfululizo, analichukua moja kwa moja. Ghana ilifikisha mara tatu mwaka 1978, baada ya 1963 na 1965, ikabaki nalo. Hivyo kombe ambalo Uganda ililikosa Accra lilikuwa likitolewa kwa mara ya mwisho. La pili, Kombe la Umoja wa Afrika, lilianza 1980 na likaenda Cameroon baada ya 1984, 1988 na 2000. La tatu, la dhahabu, linatumika tangu 2002, na Cameroon hao hao ndio waliolinyanyua kwanza. Ukiona picha ya kombe bila maelezo, umbo lake peke yake litakuambia ni la kipindi gani.

Sasa namna ya kuhakiki idadi za mechi, maana hapo makosa ni mengi na hesabu ni nyepesi. Kundi la timu nne lina mechi 6, la timu tatu lina 3. Mashindano ya timu nane: makundi mawili, mechi 12, nusu fainali 2, nafasi ya tatu 1, fainali 1, jumla 16. Timu 12 (1992 na 1994): makundi manne ya timu tatu tatu, mechi 12, robo fainali 4, kisha 4 za mwisho, jumla 20. Timu 16 hutoa 32. Timu 24 hutoa 36 za makundi, 8 za hatua ya 16 bora, 4 za robo, na 4 za mwisho, jumla 52. Ukikuta namba isiyolingana, tafuta kilichotokea. Mwaka 1974 zilikuwa 17 kwa sababu ya fainali iliyorudiwa. Mwaka 1976 zilikuwa 18, kwa sababu kundi la mwisho lina mechi 6 mahali pa zile 4. Mwaka 1996 na 2010 zilikuwa 29 badala ya 32, kwani timu moja ilikosekana na mechi zake tatu zikafutika. Ya 1996 ni Nigeria, iliyokuwa bingwa mtetezi, ilijitoa. Ya 2010 ni Togo, ambayo basi lake lilishambuliwa kwa risasi Cabinda, Angola, siku mbili kabla ya ufunguzi, watu wakafa, timu ikarudi nyumbani. Hili la Togo likiingia kwenye chemsha bongo, liulizwe kwa adabu.

Matokeo ya penalti nayo yana kanuni yake: mechi iliyoamuliwa kwa penalti huhesabiwa sare, na mikwaju hiyo haiingii kwenye mabao ya mfungaji. Fainali ya 1992, Ivory Coast na Ghana, ni 0-0. Hiyo 11-10 ni mikwaju. Kuna tokeo lingine moja linalopotosha: nafasi ya tatu 1978. Tunisia ilitoka uwanjani mechi ikiwa 1-1 na Nigeria, na Nigeria ikapewa ushindi wa 2-0. Ukikuta 1-1 mahali na 2-0 mahali pengine, la rasmi ni 2-0.

Timu zikilingana pointi ndani ya kundi, AFCON huangalia kwanza matokeo ya timu hizo zilipokutana, ndipo tofauti ya mabao yote. Mtazamaji aliyezoea Kombe la Dunia la hadi 2022, ambako tofauti ya mabao ilitangulia, hukosea hapa kila mara. Mwaka 2015 Guinea na Mali zilitoka 1-1 katika kila mechi zao zote za kundi, pamoja na ile ya wao kwa wao, hata kipimo cha mwisho hakikuzitenganisha. Ikabidi ipigwe kura; Guinea ikapita, Mali ikapanda ndege.

Kwa washika nafasi ya tatu, kuanzia 2019, kipimo cha kukutana hakiwezekani kwani wametoka makundi tofauti. Wanne kati ya sita hupita kwa pointi, kisha tofauti ya mabao. Kenya iliumia hapo mwaka huo wa 2019. Ilifungwa 2-0 na Algeria, ikaifunga Tanzania 3-2 kwa mabao mawili ya Michael Olunga, moja kila kipindi, ikafungwa 3-0 na Senegal: pointi 3, mabao 3 ya kufunga na 7 ya kufungwa, yaani hasi 4. Afrika Kusini nayo ilikuwa na pointi 3, ikiwa imefunga bao moja tu katika mechi tatu, lakini ilifungwa mawili tu, hasi 1. Ikapita. DRC ilifungwa 2-0 mara mbili, kisha ikaifunga Zimbabwe 4-0, ikarudi sifuri, nayo ikapita. Kenya ikawa ya tano kati ya sita. Ule mchezo wa Senegal ungeisha 0-0, Kenya ingefikisha pointi 4. Wakokotoe wanafunzi wenyewe. Ni swali zuri kuliko kuuliza nani alifunga.

Na kwa kuwa umeitaja Kenya kupitia 2027: usiandike kwamba ni mara ya kwanza kwake kupewa uenyeji. CAF iliipa AFCON ya 1996, ikaiondolea kwa maandalizi kutokamilika, ikaenda Afrika Kusini, ambayo ilicheza mara yake ya kwanza na kuchukua kombe kwa mabao mawili ya Mark Williams dhidi ya Tunisia. Uhamisho wa namna hiyo ni mwingi, kwa hiyo tofautisha aliyepewa na aliyeandaa: 1988 Zambia iliacha, Morocco ikaandaa, 2000 Zimbabwe iliondolewa, Ghana na Nigeria zikaandaa, 2015 Morocco ilitaka kuahirisha kwa hofu ya Ebola, Equatorial Guinea ikachukua, 2019 Cameroon ilichelewa, Misri ikachukua. Uenyeji wa Kenya, Tanzania na Uganda ulitangazwa Septemba 27, 2023. Ni mara ya kwanza kwa nchi tatu kupewa AFCON kwa pamoja. Mara ya mwisho mashindano haya kuchezwa katika ukanda wa CECAFA (Afrika Mashariki na Kati) ilikuwa Ethiopia, 1976, yale yale yasiyokuwa na fainali.